Mkunga kwa Mkunga

Chake Chake, Jumamosi usiku

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleykum. Barua yako ilinikuta katikati ya zamu za usiku, nikaitia mfuko wa sare nikisema nitaijibu kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Niwie radhi. Leo niko likizo, kaka yangu na watu wake wamelala, karafuu za mchana zimeanuliwa na kurundikwa ukumbini na harufu yake imejaa nyumba nzima. Nina jambo ambalo nikimweleza mtu asiyekuwa mkunga atasikia nusu tu.

Alhamisi nilizama baharini. Sisemi kuoga, wala kule kuogelea kwa kujikongoja unakokujua. Nilibeba mtungi wa hewa mgongoni nikashuka mita 10 chini ya maji, pale kisiwani Misali, nikakaa huko dakika 34 napumua.

Mwanzo wake ni harusi ya binti wa kaka, ambayo imepita salama, na habari zake nitakupa tukionana kwa sababu zinataka kahawa. Baada ya harusi, ndugu yake bibi harusi, yule uliyemchoma sindano akiwa wa miaka sita akatukimbia na suruali mkononi, alituchukua mimi na mama yake siku tatu Vumawimbi kupumzika. Sasa ni baharia kwenye boti inayopeleka watu kuzamia. Tumekaa mchangani jioni akaniambia, "Shangazi, umeishi pwani umri wako wote na bahari hujaijua." Nikamwambia nimezaliwa nayo mlangoni. Akasema, "Umeujua uso wake." Neno lile lilinikaa usiku kucha, na asubuhi nikamwambia nipeleke.

Hakunipeleka siku ile. Mwezi mwandamo ulikuwa siku ya kumi na tano, bamvua limeshika, maji yanajaa na kutoka kwa nguvu, na mkondo wa bamvua pale Misali si wa kumtia mtu anayejifunza. Tukarudi Chake tukangoja mpaka siku ya ishirini na moja ya mwezi, maji mafu, mkondo umepoa. Tena ndiyo malelezi haya, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, bahari imelala kama maji ya beseni. Tuliondokea Wesha asubuhi. Nahodha, mzee wa makamo, alinihadithia njiani kile kisa tulichokua nacho, kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani akawaomba wavuvi msala asalie, wavuvi hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe ndio msala wangu. Hakukihadithia kama ngano. Alipokaribia pwani alipunguza mashine, akanyamaza, akatia nanga kwa bismillahi.

Kabla ya yote wakanipa fomu, na fomu ile ungeipenda. Una pumu? Kifafa? Moyo? Umewahi kupasuliwa kifua? Sikio limewahi kutoboka? Una mimba? Nikamuuliza mwalimu kwa nini mjamzito hazamishwi, nikitaka kumpima. Akajibu kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia hewa ile iliyobanwa itamfanya nini mtoto tumboni, basi hawajaribu. Jibu safi. Ni binti wa Kipemba, hajafika miaka 30, sauti yake ya chini na mikono imetulia. Angekuja kuomba kazi leba ningempokea siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa najua utauliza: nilisitirika. Suti nyeusi ya mpira kutoka shingoni mpaka vifundoni, fulana ndefu juu yake, na kofia ya mpira inayobana kichwa ikaacha uso tu. Kiunoni wakanifunga mkanda wenye vipande vya risasi, maana bila uzito ule huzami. Mtungi nilidhani una oksijeni kama mitungi yetu, kumbe ni hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa. Unaanza na 200 kwenye geji, na inapofika 50 unatakiwa uwe umeshapanda. Geji yenyewe ina sura ya ile ya mashine ya presha, nikaipenda mara moja.

Sheria ya kwanza waliyonipa, na waliirudia mpaka nikaisema mwenyewe, ni kwamba usizuie pumzi hata kidogo. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo unaokubana ni mara mbili ya ule wa juu. Hewa unayoivuta pale imebanwa. Ukipanda nayo koo limefungwa, inafutuka mara mbili, na mapafu hayana pa kuipeleka. Kwa hiyo saa zote ama unavuta ama unatoa. Tukafanya mazoezi kwenye maji ya kifuani: kupumua kwa mdomo tu, kutoa maji yakiingia kwenye miwani, kubana pua na kupuliza taratibu ili masikio yazibuke. Yote niliyaweza. Nilijiona hodari.

Kisha tukashuka kwa kamba ya nanga. Mita ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu sikio la kulia likanichoma kama limetiwa sindano, na papo hapo yote niliyofundishwa yakanitoka. Nikavuta kwa pua, miwani ikaninyonya uso. Pumzi zikawa fupi fupi, za juu juu, na kila nilivyovuta niliona hewa haifiki. Macho yangu yako juu kwenye mwanga, nahesabu nitaufikia vipi. Nikainua kidole gumba kumwambia mwalimu niko sawa, kumbe chini ya maji kidole gumba maana yake ni twende juu. Akaanza kunipandisha. Sikutaka kupanda, na sikuwa na namna ya kusema.

Baada ya mita moja akasimama, na sikio likaachia. Akanishika viganja vyote viwili, akausogeza uso wake mpaka miwani yake ikakaribia kugusa yangu, akanitazama. Akavuta pumzi ndefu, nikaona kifua chake kinapanda. Akaitoa polepole, mapovu yakapita baina yetu. Akavuta tena. Hakunionyesha ishara yoyote, hakunitikisa, hakunihimiza. Alipumua mbele yangu tu, mpaka pumzi yangu ikaanza kuifuata yake. Kwenye ya tano au ya sita nikahisi mabega yangu yameshuka.

Somo, nimekuwa mkunga miaka 22. Mwezi uliopita usiku alikuja msichana wa miaka 19, mimba ya kwanza, njia sentimita 8. Alikuwa anahema hivyo hivyo, juu juu, macho yake yako darini. Nikamwambia "Pumua, mama, pumua," huku nimempa mgongo, najaza chati. Akasema, "Sijui vipi." Nikamjibu, "Kila mtu anajua kupumua." Alijifungua salama, mtoto wa kike, kilo 3 na gramu 100, akaenda kwao akanishukuru. Lakini jibu langu lile lilinirudia pale kwenye kamba, nikiwa na mpira mdomoni na maji pande zote, na mimi ndiye nisiyejua vipi.

Nikabana pua, nikapuliza, sikio likalia "pwa" likafunguka. Tukaendelea kushuka.

Chini kuna sauti. Nilitegemea kimya, nikakuta mlio kama wa mafuta ya moto yanapotiwa bajia, haukomi, huwezi kujua unatoka upande gani. Ni kamba wadogo wanaoalisha makoleo yao ndani ya matumbawe. Katikati ya mlio huo unamsikia pono akiuma jiwe, kwa meno, kama mtu anayetafuna miwa chumba cha pili. Nimekula pono maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba ana sauti.

Matumbawe si mazima yote, na sitaki kukupamba picha. Mwaka 1998, mwaka ule ule Misali ilipofanywa hifadhi, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto na matumbawe yakapauka sehemu nyingi na mengi yakafa. Kuna sehemu chini pale ni vifusi tu, vijiti vya kijivu vimelaliana. Lakini juu ya vifusi vile kuna matumbawe machanga, mengine hayazidi kiganja changu, rangi ya zambarau nchani. Niliyatazama kwa muda mrefu kuliko samaki. Mwalimu alinivuta mkono kwa upole nisiyakaribie na mapezi ya mpira niliyovaa miguuni.

Kisha akanipeleka kwenye jabali moja lenye ufa, akanionyesha kwa kidole. Ndani ya ufa kimetoka kichwa, kinene kama mkono wangu, rangi ya kahawia yenye madoadoa, mdomo wazi na meno yote nje. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Alikuwa anafunua mdomo na kuufumba, anafunua na kufumba, nikaona anatutishia tuondoke. Nikarudi nyuma. Mwalimu akatoa kibao chake cha plastiki na penseli, akaandika: ANAPUMUA TU. Nikatazama tena. Kweli, kila alipofumba mdomo, pembeni ya shingo palikuwa na tundu linalopanuka, maji yanatokea pale. Ndivyo anavyopitisha maji kwenye matamvua yake. Na karibu na taya yake kamba mdogo mwekundu, sharubu nyeupe, alikuwa anaingia na kutoka mdomoni anamsafisha meno, na yeye ametulia kabisa. Wazee wetu wote wanamwogopa samaki yule kwa ule mdomo. Nilikaa pale, magoti juu ya mchanga, sijui dakika ngapi, yeye anapumua na mimi napumua.

Tulipopanda nilimwambia mwalimu kwamba na mimi ni mkunga, kazi yangu ndiyo hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniuliza kama ninamfahamu mkunga aliyemzalisha yeye. Tukapekua majina. Sikumfahamu.

Jambo jingine dogo. Mikono yangu bado ina hina ya harusi, ile ya kukolea. Chini kule niliitazama nikaona nyeusi, kama wino. Nikashtuka, nikadhani damu imefanya kitu. Mwalimu akawasha tochi akanimulika vidole, na wekundu wote ukarudi, ukawaka. Maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Alipozima tochi ikawa nyeusi tena. Nikamwomba kwa ishara awashe mara ya pili, akawasha.

Mwisho alinifikisha ukingoni. Mwamba unashuka kama ukuta, na mbele ni buluu tupu isiyo na mwisho. Kuanzia pale ndio mkondo wa Pemba, kina chake katikati kinafika mita 800, na ng'ambo yake ni Tanga. Nilijua unaelekea upande gani kwa sababu nilimuuliza baharia wetu kabla ya kushuka. Nikaning'inia pale nikatazama huko uliko wewe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Pengine ulikuwa unapokea zamu.

Tulipanda polepole, na mita 5 kabla ya kutoka tukasimama dakika 3 kwa kutazama saa, tumeshika kamba. Ile ni kuupa mwili nafasi ya kutoa naitrojeni iliyoingia kwenye damu. Mchana, baada ya changu wa kuchoma na muhogo pwani, tukazama tena, mara hii mita 6 tu, na sikio halikunisumbua. Nilikuwa na tiketi ya ndege ya Ijumaa alfajiri. Mwalimu akanizuia: ukizama zaidi ya mara moja, ngoja saa 18 ndio upande ndege. Basi nikaihamisha mpaka Jumatatu, ndiyo maana una barua hii leo.

Jumatano naingia zamu. Nimeamua chati itangoja. Akija anayehema juu juu nitakwenda nisimame usoni pake, nimshike viganja, nipumue mbele yake mpaka anifuate, hata ikichukua pumzi ishirini. Sijui kwa nini hatukufundishana hivi chuoni. Au tulifundishwa na mimi ndiye niliyeacha, na wewe bado unafanya. Niambie ukweli.

Na ninataka uje. Sikuombi kwa adabu tu, nina maana yake. Lile sikio lako la kushoto lililokuwa likitoka usaha mwaka ule wa mwisho wa chuo, nenda likapimwe kwanza na daktari aandike kama ngoma ni nzima, maana wakiona alama kwenye fomu hawatakushusha, na watakuwa wamefanya vyema. Mumeo mwambie utakuwa na mimi na mtoto wa kaka. Nauli tutachangia. Kaskazi ikishika maji yanakuwa meupe mpaka chini, kwa hiyo tazama kalenda yako ya zamu ya Januari au Februari, chagua siku ya saba au ya ishirini na moja ya mwezi mwandamo, uniandikie mapema nikuwekee nafasi kwenye boti.

Wasalimie wote hapo, na wabusu watoto.

Somo yako