Droni za kujiendesha zisiachiwe bahari

Mhariri,

Wanaorekodi arusi na filamu ufukweni Nyali wanaziamini mno droni zinazojiendesha. Kamera zake za chini hujishikiza kwa alama za ardhini. Juu ya mawimbi yanayometa hakuna alama iliyotulia, basi droni husogea ovyo au hushuka. Irushwe juu zaidi. Waya za stima na ncha za makuti pia haizioni vizuri.

Baya zaidi ni mashuani: betri ikipungua, droni hurudi pale ilipopaa, chombo kimeshasonga, nayo inatua majini! Wekeni upya mahali pa droni kurudia kila chombo kinaposonga. Kusi ikivuma, tangulieni kuukabili upepo, mrudi nao. Na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, kipatikane kwanza. Uwanja wa ndege wa Moi uko karibu.

Mrusha droni,
Mombasa