Risala ya Wanafunzi wa Fasihi, Muziki na Sanaa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Naibu Chansela, mkuu wa kitivo, wahadhiri wetu, wazee mliovuka feri asubuhi kutoka Likoni na nyinyi mliokuja kwa miguu kutoka Kibokoni, wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Assalam aleikum na habari za asubuhi.

Kwanza twakushukuru kwa kuja, tena umefika saa nne kama barua ilivyosema, kuna wengine tuliwangoja mpaka pilau ikapoa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi wenyeji wa hapa bila kuficha, twaumwa.

Historia ya idara sitakuchosha nayo. Tulianza na darasa moja la Kiswahili na mwalimu mmoja, ikaja historia, ikaja muziki, ikaja maigizo na uchoraji, na leo tuko hapa chini ya mwembe. Hiyo ndo historia.

Mafanikio nayo ni mengi sana. Kundi letu la maigizo lilishika nafasi ya tatu kwenye tamasha la vyuo, na ushindani ulikuwa mkali mno, vyuo vinne vizima. Kikundi cha taarab kimealikwa harusi tatu na moja walilipwa. Wenzetu wawili wako redioni hapa mjini, mwingine anatembeza watalii Fort Jesus, anawaeleza kuanzia Wareno walipoanza kuijenga 1593 mpaka UNESCO walipoitia kwenye urithi wa dunia 2011 na hakosei hata mwaka mmoja. Nalitaja hilo kwa sababu kila tukipokea wanafunzi wapya wazazi hutuuliza, mtoto akisoma mashairi atakula nini? Serikali nayo kwenye mtaala mpya imepanga asilimia 60 ya watoto wa sekondari ya juu waende sayansi, sanaa na michezo wapate 15. Sayansi hatuigombi, twaomba tu hao 15 wakifika chuo wakute idara bado ipo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana mheshimiwa najua una safari.

Chini ya ngazi za jengo la utawala kuna chumba. Ndani mna makabati mawili ya mbao na madeli ya rangi yaliyobaki mtu alipopaka ofisi. Kwenye makabati ndo kuna mali yote ya idara hii, kanda za kaseti ambazo wanafunzi waliotutangulia walikuwa wakitumwa mitaani na redio mkononi kuwarekodi wazee, nyimbo za harusi, tenzi, vitendawili, mabaharia wakitaja sehemu za jahazi moja moja kwa majina ambayo sisi leo hatuyajui. Kuna na karatasi za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, watu wa Mji wa Kale walituletea wakatuambia wekeni nyinyi, kwetu zitapotea.

Wiki jana nilifungua kabati kutafuta kitu cha kukuonyesha leo. Kanda ya juu kabisa imeandikwa kwa biro ya buluu "nyimbo za kumuingiza bwana harusi, upande wa kwanza", jina la bibi mwenyewe limeliwa na mende. Ukingo wa utepe una ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Tukaitia kwenye redio, ikasema kama nusu dakika, bibi anacheka kabla hajaanza kuimba, nyuma yake kuna mtu anatwanga kitu kwenye kinu, halafu sauti ikaanza kulia kama mlango mbovu, utepe umeganda kwenye kichwa cha redio. Tuliutoa polepole na penseli. Bibi huyo alishafariki, na wimbo wenyewe hatujausikia mpaka leo.

Na hiyo ni moja. Hewa ya hapa mwaijua, chumvi na unyevu, mwezi wa tano mvua ikikaza hata shati kabatini lanuka uvundo, sembuse kaseti. Utepe ukishika maji ule unga wake unaoshika sauti wabanduka, na ukishabanduka hakuna fundi wa kuurudisha. Tena kazi ya kuzihamisha kwenda kwenye kompyuta haina mkato, kanda ya dakika 60 yataka dakika 60, ya 90 yataka 90, mtu akae aisikilize. Kila masika tunayongoja ni kanda zinakufa.

Muyaka bin Haji alizaliwa na kufa Mombasa hii, mashairi yake yalikuwa midomoni mwa watu tu. Yamebaki kwa sababu miaka ya 1880 mmishenari Mwingereza, Taylor, alikaa chini na Mwalimu Sikujua, mtu wa hapa hapa, wakayaandika. Ahsante yao. Lakini hivi leo mwanafunzi wetu akitaka kuyaona yale makaratasi yenyewe yako London, chuo kikuu cha SOAS, kwenye chumba kikavu. Yaani Muyaka kapata chumba kikavu Uingereza, kwao hana. Na Mzee Ahmed Sheikh Nabhany aliyetupa neno runinga tulimpoteza 2017. Wazee hawatungoji.

Mheshimiwa, ombi hili si geni, na hapa naomba radhi mapema. Mgeni rasmi wa kwanza tulipomwambia alisema "hilo limekwisha", tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha, akapigwa picha na kabati. Wa pili alituwekea jiwe la msingi. Jiwe lipo, umelipita ukiingia, ni lile wanafunzi wamelikalia wakingoja tuktuk. Utepe alioukata tumeutunza, uko kabati lile lile na wenyewe umeshashika ukungu. Wa tatu alileta laptop mbili, twashukuru sana, moja ilikuja bila chaja. Majina hatutaji, wote ni wakubwa wetu na twawaombea heri, lakini ahadi ni deni na sisi wadai tumechoka kuonekana wakorofi.

Kwa hivyo mara hii jengo hatuombi, jengo tumeacha hata kuliota. Twaomba chumba kile kile cha chini ya ngazi madeli ya rangi yatoke, kitiwe kiyoyozi kimoja na mashine ya kuvuta unyevu, rafu za chuma ambazo mchwa hawali, skana moja ya kulaza karatasi, deki ya kaseti nzima hata ikiwa ya mtumba, na kufuli. Kazi ya kuhamisha tutaifanya wenyewe kwa zamu, majina yashaandikwa, hatutaki posho. Naibu Chansela ametukubalia ufunguo, amesema mbele za watu.

Fundi wa rafu ni yule bwana wa shati la kijani safu ya tatu, ameshapima chumba na hesabu anayo mfukoni. Chumba chenyewe ni hatua kama arubaini kutoka hapa. Chai twaomba uinywe ukisharudi.

Ni sisi wanafunzi wa idara, na mimi katibu wao.