Pasipoti inatosha kutuma kifurushi China, tusiazime kitambulisho cha mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nimjibu ndugu yetu aliyelalamika kwenye barua yake kwamba huku China mgeni akitaka kutuma kifurushi anadaiwa pasipoti utafikiri mhalifu, na kwamba hayo ni manyanyaso wanayofanyiwa Waafrika. Mi naishi Guangzhou, nawatafutia watu mizigo, kutuma na kupokea vifurushi ndo kazi yangu ya kila siku, na kwa kweli uchungu wake nauelewa ila lawama kaipeleka siko, pale penyewe pa kulaumu kapapita tu.

Kwanza kudaiwa kitambulisho sio sisi peke yetu. Mchina naye anadaiwa. Mwaka 2015 tarehe 30 Septemba kule Liucheng, jimbo la Guangxi, mabomu yaliyofichwa kwenye vifurushi yalilipuka sehemu nyingi siku moja na watu wakafa, haikuchukua muda kuanzia 1 Novemba mwaka huohuo ikatangazwa nchi nzima kwamba anayetuma kifurushi ajulikane kwa jina lake halisi, mzigo ufunguliwe ukaguliwe na upite kwenye mashine. Sheria ya kupambana na ugaidi iliyoanza Januari 2016 ikakazia, halafu Mei 2018 zikaja kanuni za kampuni za vifurushi zinazosema wazi mtu asipotaka kuonyesha kitambulisho mzigo wake usipokelewe. Sasa nchi ambayo mwaka 2021 ilivuka vifurushi bilioni 100 kwa mwaka mmoja, wewe unategemea wakuamini kwa sura?

Najua kwa sisi tuliokulia nyumbani inashangaza, maana Bongo mzigo unaupeleka stendi, unaandika jina na namba ya simu kwa maka peni juu ya boksi, unamkabidhi konda, kesho yake mtu anaupokea Mbeya. Lakini hata nyumbani mambo yanabadilika, laini za simu si zilizimwa Januari 2020 kwa ambao hawajasajili kwa alama za vidole na NIDA? Na mgeni anayeishi Dar akitaka laini anatoa pasipoti, hakuna aliyesema tunamnyanyasa.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Sheria inamtaja mgeni vizuri kabisa, ule utaratibu wa kutuma kwa jina halisi uliotoka Oktoba 2018 una orodha ya vitambulisho vinavyokubalika na pasipoti ya raia wa kigeni imo. Imo! Lakini mifumo ya kampuni imetengenezwa kwa ajili ya Mchina mwenye kadi yenye tarakimu 18. Kijana wa kuaidi, yaani wa kampuni ya vifurushi (ndo tunavyowaita wote huku, hata asiyejua neno lingine la Kichina hilo analijua) anakuja na skuta yake ya umeme, unaskani msimbo wa QR kwa simu, inafunguka fomu, jina, simu, namba ya kitambulisho, ukiingiza namba ya pasipoti yenye herufi ndani yake inakwambia umekosea. Kimashine chake kinasoma kadi ya Mchina kwa kuigusisha tu, pasipoti hakiioni. Programu nyingine zina sehemu ya kuchagua pasipoti, ila imefichwa huko chini na kijana mwenyewe hajawahi kuigusa, ana mizigo kibao na muda unamkimbiza, kwa hiyo anakwambia haiwezekani. Hapo ndo watu wanaposikia "hawataki Waafrika", wakati Mrusi na Mpakistani wa Yiwu, ule mji wa masoko ya jumla, wanahangaika hivyohivyo.

Na majina yetu nayo usiseme. Pasipoti ina majina matatu, laini ya simu umesajiliwa kwa mawili, benki wameanza na la ukoo, kwenye WeChat yameunganishwa yote bila nafasi, mfumo ukilinganisha unaona watu wanne tofauti. Mimi ushauri wangu kwa mwanafunzi mpya anayefika ni huu tu, siku unasajili laini simama hapohapo dirishani hakikisha jina limeandikwa vilevile kama kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata nafasi kati ya majina.

Sasa kinachoniuma na kilichonifanya niandike ni jinsi watu wetu wanavyolimaliza hili tatizo. Wanaazima. Unamwomba Mchina mwenye duka atume kwa kitambulisho chake, au kijana wa kuaidi mwenyewe anakuonea huruma (au anaihurumia kamisheni yake) anaingiza namba yake ya shenfenzheng, kitambulisho cha Mchina, mzigo unaondoka, wote mnacheka. Mwandishi wa ile barua ameandika hilo kama ujanja wa kusifiwa, anawashauri na wengine. Jamani hapana! Ule mzigo kwenye maandishi sio wako tena. Ukipotea huna pa kudai, kampuni inamtambua mtumaji aliye kwenye mfumo, na huyo mwenye duka ukimfuata baada ya wiki mbili atakwambia hakumbuki. Ukikutwa na kitu kisichoruhusiwa, betri, kimiminika, dawa, anayeitwa polisi ni yule Mchina wa watu na hatachukua dakika kukutaja, na wewe mgeni unaeleza vipi kwamba ulituma kwa jina la mtu mwingine bila nia mbaya? Kibali chako cha kuishi kinategemea polisi haohao.

Na kinyume chake kipo pia, vijana wetu wenye roho nyepesi wanaombwa na mtu waliyekutana naye kwenye mgahawa Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou wenye Waafrika wengi, "ndugu nisaidie nitumie hii kwa pasipoti yako", wanatuma. Hilo hata sitaki kulieleza sana, mwenye akili anajua linakoishia.

Kuna njia halali na hazina mzunguko. Kama umenunua kwenye masoko ya hapa kama Baima au Sanyuanli usibebe mzigo kwenda kutafuta kuaidi, mwambie muuzaji autume moja kwa moja kwenye stoo ya ajenti wako wa kagoo, huyo muuzaji mara nyingi ana mkataba wa usalama na kampuni ya vifurushi na wenye mkataba hawaonyeshi kitambulisho kila wakituma, na yeye kweli ndo mtumaji kwa hiyo hakuna uongo hapo. Wewe hakikisha tu jina lako na alama ya mzigo vimeandikwa kwenye katoni. Ukitaka kutuma mwenyewe, nenda kwenye kituo chenye kaunta ambako kuna mtu anaweza kuingiza taarifa kwa mkono, na beba pasipoti yenyewe, picha ya kwenye simu haikubaliki na hapo wako ndani ya haki yao. Wengi wetu tunaiacha chumbani tukiogopa kuipoteza, lakini sheria ya huku inataka mgeni kuanzia miaka 16 atembee nayo, sasa unaogopa nini cha zaidi.

Ila akitaka kuipiga picha kwa simu yake binafsi, kataa kwa upole. Aingize namba kwenye mashine ya kampuni, basi. Tangu 1 Novemba 2021 China ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na picha ya pasipoti yako haina kazi kwenye WeChat ya mtu usiyemjua.

Pagumu kweli ni wakati wa kurenyu kibali. Pasipoti inakaa polisi mpaka siku 15 na unapewa karatasi ya kuonyesha kwamba maombi yamepokelewa, hiyo karatasi vijana wengi wa kuaidi hawajawahi kuiona na wataikataa, kwa hiyo cha kutuma kitume kabla hujaipeleka. Wenye ukaaji wa kudumu wameshapona, kadi yao mpya iliyoanza kutolewa Desemba 2023 ina tarakimu 18 kama za wenyeji, lakini sisi wa vibali vya mwaka mwaka hiyo haituhusu.

Ndo maana naona hili ni la kupelekwa ubalozini Beijing na ubalozi wetu mdogo hapa Guangzhou. Watutengenezee karatasi moja tu kwa Kichina, yenye kile kipengele kinachosema pasipoti inakubalika, mtu awe nayo kwenye simu amwonyeshe kijana wa kuaidi asome mwenyewe. Na wakikutana na Idara ya Posta ya Taifa ya China waulize kwa nini kampuni zinaachwa na fomu zinazokataa kitambulisho ambacho kanuni zinakikubali. Wakenya, Wakongo na Waganda wa huku wana shida hiihii, balozi zikienda pamoja zitasikika zaidi.

Na yule ndugu kama kifurushi chake bado kimekwama, aanze kulalamika kwa kampuni yenyewe, zikipita siku saba bila jibu la maana apige 12305, hiyo ni namba ya malalamiko ya mambo ya posta, aitangulize na namba ya simu ya eneo (area code) ya mji aliopo. Ila awe na mtu wa kumsemea Kichina.

Mtanzania mfanyabiashara,
Guangzhou, China