Salamu za shukrani baada ya upasuaji wa fuvu la kijana wetu

Familia yetu ya Muheza, Tanga, inamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumrejesha kijana wetu nyumbani salama baada ya upasuaji wa fuvu katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Si rahisi kumfikia kila mmoja wenu, hivyo tunaomba mzipokee salamu hizi nyote.

Wa kwanza kushukuriwa ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Tulikuwa tumeshaambiwa kichwa cha mtoto kimekaa kirefu na chembamba kwa kulalia upande mmoja, kikikandwa mafuta kitarudi. Yeye alipima mzunguko wa kichwa, kisha akashika kidole cha mama na kukipitisha kutoka utosini hadi kisogoni, naye alisikie lile tuta gumu la mfupa. Siku hiyohiyo akatuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Bombo, Tanga.

Madaktari wa Bombo na MOI, Mungu awalipe kwa subira yenu. Mlituonyesha kwenye picha za CT scan kwamba fuvu la mtoto mchanga ni vipande vilivyoachana ili ubongo upate nafasi ya kukua, na kwamba kwa huyu wetu maungio ya katikati yalifunga mapema mno, akiwa bado tumboni. Ndiyo maana kichwa kilirefuka mbele na nyuma, kikawa chembamba ubavuni. Maungio ya fuvu kuwahi kufunga humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Si mkosi, wala mama hakumcheka mtu akiwa mjamzito, kama baadhi ya watu walivyosema. Maneno hayo yalimliza sana, na tunataka ijulikane hadharani kwamba hayakuwa na ukweli.

Vijana wa bodaboda wa Mbagala, hatuna cha kuwalipa. Upasuaji huu humpotezea mtoto damu nyingi kwa mwili wake mdogo, nanyi mlijipanga kuchangia alfajiri wakati wengi wenu hata hatukuwajua. Wauguzi wa wodini nao tunawakumbuka: uso ulipovimba hadi macho yakafumba, mlimwambia mama asiache kumsemesha mwanawe. Alipofumbua jicho la kushoto, wodi nzima ilipiga vigelegele.

Tunawashukuru pia waumini wa msikiti wetu, jirani zetu wa Magila waliopitisha kapu kanisani, akina mama wa vikoba na ndugu wote mliotuma michango. Kilichobaki kimetengwa kwa nauli za kliniki, kwa kuwa kichwa na macho vitaendelea kuangaliwa. Daftari la hesabu lipo kwa mjomba wa mtoto.

Dua ya shukrani itasomwa nyumbani Jumapili ijayo baada ya swala ya Alasiri. Mzazi ambaye kichwa cha mwanawe kinamtia wasiwasi aje naye, mama atamweleza pa kuanzia. Asingoje mtoto atimize mwaka. Mifupa ingali laini, madaktari hufanya kazi yao kwa wepesi zaidi.