Kuacha kwenda darasani siyo kuacha kozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako maana barua ya yule mzazi wiki iliyopita imenikaa kichwani mpaka leo. Yule aliyeandika kwamba mwanae amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili na chuo hakikumpigia hata simu, ada kalipa yeye, halafu alipoenda kuuliza matokeo akaambiwa mwanao ni mtu mzima, mwambie aje mwenyewe. Hasira yake naielewa kabisa. Nimewahi kuwa yule mtoto, na miaka ya baadaye nikaja kuwa yule mtu wa dirishani anayesema mwambie aje mwenyewe, kwa hiyo naandika nikiwa na aibu za pande zote mbili.

Nianze na la mzazi kwa sababu ni fupi. Kunyimwa matokeo siyo roho mbaya ya karani. Nchi nyingi zina sheria za kulinda taarifa za mtu, Marekani kwa mfano wana sheria ya tangu 1974 inayosema mtoto akishaingia chuo basi haki ya zile rekodi inatoka kwa mzazi inakuwa ya kwake, hata kama bado hajafika miaka 18, na mzazi akitaka kuziona mara nyingi lazima mwanafunzi aandike ridhaa. Inauma ndiyo, unalipa halafu huoni. Ila vyuo vingi fomu ya ridhaa ipo, karatasi moja tu, mtoto anasaini siku ya usajili imeisha, shida hakuna anayeiulizia mpaka moto umewaka.

Sasa tuje kwa mwanafunzi, hapo ndipo penyewe.

Mimi semista ya tatu nilikuwa na kozi ya takwimu ambayo ilinishinda mapema sana, testi ya kwanza nikapata 7 kati ya 30. Nikajiambia hii kozi naiacha nitaichukua mwakani. Na kweli nikaiacha, kwa maana ya kwamba niliacha kwenda darasani, basi. Sikwenda kwa mshauri wa masomo, sikujaza fomu, sikumwambia mwalimu, saa ya kipindi nilikuwa nimelala hosteli nasikia raha kabisa, na kwa akili yangu yote mimi nilikuwa mtu aliyeshaacha kozi. Matokeo yanatoka, nakuta F. Nikaenda ofisi ya taaluma nimefura, nikamwambia yule mama wa dirishani kuna makosa hapa, hii kozi mimi niliacha. Hakunijibu, akageuza tu kioo cha kompyuta upande wangu. Jina langu, namba yangu, kozi ile, na mbele yake imeandikwa amesajiliwa. Kisha akaniuliza, "Uliacha kwa barua au uliacha kwa miguu?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka kwa kukosa pa kuficha uso.

Hiyo F watu wanaichukulia poa kwa sababu hawajui inavyokula GPA, yaani ule wastani wa alama zako zote. Chukua kozi 5 zenye uzito sawa, 4 umepata pointi 4 kila moja, ya tano una F yaani sifuri. Jumla 16, unagawanya kwa 5, unabaki na 3.2. Ungeiondoa kihalali ungegawanya kwa 4 ukabaki na 4.0 yako safi. Sifuri haiongezi kitu juu lakini chini inahesabiwa kama kawaida. Na mtu akiacha kwa miguu kozi mbili au tatu kwenye semista moja, ndiyo hivyo tena, unaona jina kwenye orodha ya waliodisko na nyumbani wanaambiwa chuo kimemwonea.

Wakati milango ya kutokea ilikuwepo. Vyuo vingi vinatoa wiki chache za mwanzo unaongeza na kuondoa kozi unavyotaka bila alama yoyote kubaki, baada ya hapo kuna kipindi cha pili unaweza kujitoa lakini kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo yako yote, inabaki alama kwamba ulijitoa, ambayo haigusi GPA, halafu ikipita tarehe hiyo ndiyo basi, inabaki ufaulu au ufeli. Tarehe ziko kwenye kalenda ya chuo tangu semista haijaanza. Nilipokuwa dirishani nimeona kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha na kunisikitisha, foleni ya siku moja baada ya tarehe ya mwisho huwa ndefu kuliko foleni ya siku ya mwisho yenyewe.

Ugonjwa nao ni hivyohivyo. Kijana anaumwa kweli, malaria imempiga au amefiwa, anajikaza anaingia mtihani, anafeli, wiki tatu baadaye analeta cheti cha daktari. Kuna vyuo vina kanuni kwamba ukishaingia chumba cha mtihani umejitangaza mwenyewe kuwa mzima, baada ya hapo cheti hakina kazi isipokuwa uwe na sababu nzito ya kwa nini hukusema mapema. Kanuni ngumu, sibishi, na mimi binafsi naona imezidi kwa mtu aliyefiwa asubuhi ya mtihani, maana siku hiyo akili haiko hapo. Lakini ipo, na dawa yake ni ujumbe wa mistari miwili kabla ya saa ya mtihani, naumwa, naomba kuahirisha, cheti nitaleta. Mistari miwili tu! Chuo hakisomi moyo wa mtu, kinasoma kilichoandikwa na tarehe yake.

Kuna wanaosema mimi darasani nahudhuria vizuri, mbona nimefeli. Hapa watu wengi hawaelewi krediti ni nini, wanadhani ni idadi ya vipindi. Kule Ulaya kwenye mfumo wao wa krediti, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja inahesabiwa kuwa kazi ya saa 25 mpaka 30 za mwanafunzi. Kozi ya krediti 6 basi ni saa 150 kwenda juu. Ukikaa darasani saa 3 kwa wiki kwa wiki 14 umetimiza saa 42. Hizo 108 zilizobaki ni zako, hakuna atakayekuita jina wala kukusainisha, na kwa kweli hapo ndipo shahada inapopatikana au inapopotelea.

Kukopi sitaongea sana, kila mtu anajua ni kosa. Niseme tu kwamba kosa hilo halina kuzeeka. Annette Schavan alikuwa waziri wa elimu wa Ujerumani, waziri wa elimu jamani, 2013 chuo kikuu cha Düsseldorf kikamnyang'anya udaktari aliopata kwa tasnifu ya 1980, miaka 33 imepita, na uwaziri akauachia.

Ila kwa hizi AI, yaani akili bandia, naomba walimu nao wapunguze mbio. Programu za kutambua maandishi ya mashine zinakosea. OpenAI hao hao wa ChatGPT walitoa ya kwao mwanzoni mwa 2023, Julai mwaka huohuo wakaiondoa wenyewe kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kwa hiyo mwalimu anayempa mtoto sifuri kwa asilimia iliyotoka kwenye programu bila hata kumwita amweleze alivyoandika, huyo ndiye wa kuandikiwa barua gazetini. Na wewe mwanafunzi usifute rasimu zako, tunza zile za katikati zenye makosa, ndiyo ushahidi ulio nao.

Na vyuo navyo visijifanye watakatifu. Ule mwongozo wa kanuni unaoambiwa usome ni kurasa mia na zaidi, umeandikwa kama hati ya kiwanja, tarehe za kujitoa utazikuta kwenye kiambatisho cha mwisho huko, halafu barua pepe zinatumwa kwenye akaunti ya chuo ambayo mwanafunzi aliifungua siku ya usajili mara moja na nywila keshasahau. Niliwahi kupendekeza ofisini kwetu tubandike karatasi moja kubwa mlangoni yenye tarehe nne tu za semista. Nikaambiwa taarifa zipo kwenye portali. Zipo kweli, chini ya kitufe ambacho mimi mfanyakazi nilikuwa naelekezwa na wanafunzi. Zamani hizo karne ya 13 kule Bologna, Italia, wanafunzi ndio walikuwa wanaajiri walimu, mwalimu akichelewa kuanza kipindi anapigwa faini. Sisemi turudi huko, ingawa siku nyingine natamani.

Sasa nirudi kwa yule mzazi maana nisije nikampigia hotuba halafu nikamwacha hapo hapo. Baba, rufaa haiombwi kwa kusema mwanangu ana akili au mwalimu alimchukia. Uingereza kwa mfano ofisi huru inayopokea malalamiko ya wanafunzi hairuhusiwi kabisa kugusa hukumu ya kitaaluma, yaani mwalimu kasema insha ni ya 38, hawaibadilishi kuwa 50. Na vyuo vingi viko hivyohivyo. Wanachoangalia ni kama utaratibu ulikosewa, maksi hazikujumlishwa sawa, testi haikuingizwa, au kulikuwa na jambo kubwa lililompata na kuna sababu ya kueleweka kwa nini halikusemwa wakati ule. Muda wake mfupi, wiki mbili, wiki tatu, inategemea na chuo, na unahesabiwa kuanzia tarehe ya barua ya matokeo, siyo siku mliyoipata.

Hukusema kwenye barua yako mwanao alipewa barua lini. Kama ni mwezi huu inawezekana dirisha bado liko wazi. Mpigie leo, mwambie asome ile tarehe juu kulia, halafu akuambie kwenye zile kozi alizofeli ni ngapi alizifanyia mtihani, na ngapi aliziacha kwa miguu.

Msomaji wako,
Mtu wa dirishani