Barua kwa mwanangu: somo moja lililopungua

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Shikamoo uliyoituma kwa mdogo wako imenifikia, pamoja na habari kwamba unataka kuiacha meza yako ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukasomee ustawi wa jamii. Najua umeshangaa kwamba sikukupigia siku ileile. Kwenye simu mimi nawe hukatizana, na jambo hili lilihitaji mtu mmoja aseme mpaka amalize.

Nianze na kosa langu. Mwaka 2004, ulipokuwa kidato cha nne, mama yako alilazwa, nami nikakuacha nyumbani ulee wadogo zako karibu muhula mzima, kwa kuwa nilikuwa nimehamishiwa mahakama ya mbali na niliona haya kuomba ruhusa nikiwa karani mgeni. Ulipata D tatu, za Kiswahili, Uraia na Biolojia, na C ya Maarifa ya Biblia ambayo mchungaji aliitangaza kanisani. Nikakuambia ndivyo Mungu alivyopanga. Mungu hakuhusika, ada ya kurudia mtihani ningeipata, ila sikuitafuta.

Leo deni lile limerudi kwako. Astashahada ya awali ya ustawi wa jamii, yaani ngazi ya kwanza chuoni, kama kozi nyingine za ngazi hiyo, inamtaka mwombaji mwenye ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Ile C tuliyoishangilia haikusaidii, na umepungukiwa na somo moja.

Mdogo wako ananiambia unalalamika kwamba miaka kumi na sita ya kuishi na watu wa Mwaloni, na miaka mitatu kwenye kamati ya mtaa ya ulinzi wa wanawake na watoto, haina pa kuandikwa kwenye fomu. Nakuelewa, maana nilikuwepo siku ya yule mtoto aliyekuwa akilala kati ya magunia. Watu watatu walikuwa wamekwisha kumhoji kwa ukali, jina lako nani, umetoka wapi, naye ameinamisha kichwa tu. Wewe hukumuuliza kitu. Uligeuza ndoo, ukaketi ubavuni pake, ukammwagia fungu la dagaa kwenye ungo na kumwomba akusaidie kutoa mchanga na takataka. Mkachambua kimya, nadhani nusu saa, mpaka yeye mwenyewe akasema, bila kuinua macho, kwamba kule kwetu Ukara dagaa huanikwa juu ya mawe. Hapo ukajua ametoka wapi. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja na sikuwahi kuona mtoto akifunguliwa mdomo kwa upole wa namna ile.

Lakini nakumbuka pia yaliyofuata ofisini kwa ustawi wa jamii, ulipoulizwa wewe ni nani wake, ukaambiwa usubiri nje. Uliumia, nami niliumia kwa ajili yako. Hata hivyo, baada ya kuwaza sana, siwezi kusema walikosea. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hakimu wa Mahakama ya Watoto anayefikiria mtoto akae na nani hutegemea taarifa ya afisa ustawi wa jamii, na taarifa hiyo inaweza kumrudisha mtoto kwa mtu anayempiga au kumtenga na mama asiye na hatia. Taarifa kama hizo mimi nilizipokea na kuzifungia kwenye majalada. Nyingine ziliandikwa na watu wenye huruma tele, lakini zilisema tu kwamba mazingira ya nyumbani si mazuri, bila kueleza nani alionekana, nyumba ina vyumba vingapi, mtoto alikula nini, wala kutenganisha alichokiona mwandishi na alichosimuliwa na jirani. Hakimu alizirudisha, na kesi ikaahirishwa huku mtoto akingoja. Ule ungo wa dagaa unakufanya usikilizwe na mtoto. Ili usikilizwe na hakimu unahitaji kufundishwa.

Kuhusu yule mtu aliyekudokeza kwamba cheti cha binamu yako kinaweza kukupitisha, nakuomba usimpe hata nafasi ya kumaliza sentensi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na baadhi walikuwa wachapakazi kuliko sisi tuliobaki. Nilimsaidia mmoja wao kubeba vitu vyake mpaka kituo cha daladala. Hatukuzungumza njia nzima.

Sasa tufanye hesabu ya umri, kwani ndiyo inayoninyima usingizi. Una miaka 39. Matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida humtaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini. Ukifanya mtihani Novemba hii, matokeo yakatoka Januari na ukaanza chuo mwakani, kutoka astashahada ya awali hadi stashahada ni miaka mitatu, basi utamaliza ukiwa na 43. Stashahada ndiyo inayomwezesha mtu kuomba nafasi ya afisa ustawi wa jamii msaidizi. Utabakiwa na miaka miwili ya kuomba, na huo si muda wa kupoteza mwaka mmoja ukisitasita. Si mashirika yote yanayohudumia watoto yanayofuata kikomo hicho, lakini sitaki uyategemee.

Kwa kuwa uliwahi kufanya mtihani huu, utajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea anayerudia. Chukua masomo mawili, Historia na Jiografia, ili moja likiteleza lingine likushike. Hisabati iache, hatuna haja ya ushujaa. Kabla ya kulipa chochote, nenda ofisi ya udahili ya chuo, uwaulize ana kwa ana watakavyoyapokea matokeo ya mitihani miwili tofauti. Meza usiiuze. Mpe mdogo wako aisimamie jioni unapokwenda darasani, na ada ya mtihani nitaituma mimi kwa simu. Usinibishie katika hilo.

Cheti chako cha 2004 nimekikuta kwenye sanduku la bati, chini ya kitenge cha marehemu mama yako. Kimeliwa kidogo pembeni na mende, lakini namba ya mtihani inasomeka vizuri. Nimempa shemeji yako anayepanda meli ya Jumatatu asubuhi, kimo kwenye bahasha ya kaki. Kipokee mwenyewe bandarini, na utoe nakala kabla ya jambo lingine lolote.

Ni mimi,
Baba yako