Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Tumesusia Uongozi, Hatukususia Vijana

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Katiba yetu inataka akidi ya theluthi ya wanachama, yaani watu 72 kati ya 214. Mkutano wa kwanza tulikuwa 23. Tukasubiri dakika arobaini, tukaahirisha. Huu ni mkutano wa pili, na kwa kifungu kilekile waliopo wanaruhusiwa kuendelea hata wangekuwa watano. Naomba muikumbuke hiyo 23, maana nitairudia.

Shughuli za mwaka za chama chetu, sisi mashabiki wa kikosi cha vijana cha gwaride la ngoma na tarumbeta, mnazijua, sitawachosha. Tulipeleka watu wa kujitolea kwenye lori la jiko linalowapikia vijana, kwa wiki nne za ziara, tukarekebisha sare, tukagawa maji kwenye kambi ya mazoezi mwezi Mei. Agosti, kama kawaida, tulikwenda Indianapolis kwenye fainali za Drum Corps International (DCI), shirika la Marekani linaloendesha mashindano ya vikosi hivi, pale Lucas Oil Stadium. Kikosi chetu hakikuingia kwenye vikosi kumi na mbili bora vya fainali ya Jumamosi usiku. Ubingwa ulikwenda kwa Boston Crusaders, kikosi kilichoanzishwa 1940 na kimoja kati ya waasisi wa DCI, ambacho kilikuwa hakijawahi kuuchukua. Subira yao ya zaidi ya miaka hamsini imevuta heri. Yetu bado inavuta.

Fedha kwa ufupi: ziliingia dola 18,640, zikatoka dola 12,210 kwa jiko, mafuta, vitambaa vya sare na mengineyo. Zimebaki dola 6,430. Mweka hazina atajibu maswali, ila ninaomba mtu asijifanye hajui kwa nini salio la safari hii ni nono. Dola 6,000 kati ya hizo ni mchango ambao kila mwaka tunaupeleka mfuko mkuu wa kikosi, na mwaka huu niliuzuia.

Sasa tuje kwenye hilo, maana nasikia ndilo lililowaleta.

Mwezi Januari wazazi kadhaa waliiandikia bodi ya kikosi wakiuliza malalamiko ya vijana dhidi ya mkufunzi mmoja yameishia wapi. Miezi mitano ikapita kimya. Majibu yalipokuja yalikuwa mistari mitatu: jambo ni la ndani, limeshughulikiwa, asanteni kwa ushirikiano. Wakati huohuo mkufunzi mwingine, yule aliyeyafikisha malalamiko hayo ofisini, hakuongezewa mkataba. Hapo ndipo simu zilipoanza kulia nyumbani kwangu, nyingine saa tano usiku.

Kamati yenu iliomba mambo matatu. Kuwe na mtu wa nje, asiye mwajiriwa wa kikosi, wa kupokea malalamiko ya vijana. Wazazi wapate kiti kimoja kwenye bodi. Na tuonyeshwe fomu 990 za miaka mitatu, ile taarifa ambayo mashirika yasiyo ya faida ya Marekani hupeleka kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, yenye mapato, matumizi na malipo ya wakurugenzi. Hilo la tatu wala si hisani. Sheria inawataka wamwonyeshe yeyote anayeomba. Niliomba mimi mwenyewe, kwa barua mbili na kwa kusimama mlangoni. Nikapewa kalenda ya mwaka mpya wakati mwaka ulishafika nusu.

Tarehe 9 Juni nikasaini barua. Mchango wa dola 6,000 unasimama. Hatutahudhuria chakula cha jioni cha wakurugenzi. Jina la chama chetu litaondolewa kwenye mabango ya wafadhili. Ila lori la jiko, cherehani, maji na viti vyetu uwanjani vitabaki palepale, kwa sababu hivyo vinawafikia vijana moja kwa moja bila kupita mfukoni mwa mtu.

Imesemwa kwamba nilisaini peke yangu. Ni kweli. Katibu alikuwa safarini, mweka hazina hakupokea simu, na ilibaki siku moja fedha zihamishwe. Kifungu cha 9 kinampa mwenyekiti uamuzi wa dharura, kisha aulete kwa wanachama ndani ya siku sitini. Niliuleta ndani ya hamsini na moja. Aliyeniita dikteta kwenye kundi letu la ujumbe akisome kifungu hicho, kisha anitafute tuongee.

Lawama zimekuja pande mbili. Upande wa kwanza unasema nimesusa nusunusu. Walitaka tusinunue tiketi hata moja, na wanaoingia wakipe kikosi migongo kitakapoingia uwanjani. Ndugu zangu, hebu tukumbuke mashindano haya yanavyohukumiwa. Kati ya alama 100, alama 40 ni za mvuto wa jumla, na waamuzi wake huketi juu jukwaani, wanaona na kusikia uwanja mzima. Kikosi kikipigia jukwaa lililogeuza migongo, atakayeadhibiwa ni mwenyekiti wa bodi? Huyo mshahara wake haupimwi kwa alama. Ataadhibiwa mtoto ambaye akifikisha miaka 22 kabla ya msimu ujao, hilo lilikuwa gwaride lake la mwisho.

Niseme na nilichokiona. Julai, mji wa tatu wa ziara, nilikuwa zamu ya kuosha masufuria saa tano na nusu usiku. Vijana walikuwa wanapanga mstari kwa mlo wa nne wa siku, kabla ya kupanda mabasi na kwenda kulala kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule nyingine. Binti mmoja anayepiga melofoni, aina ya tarumbeta ya gwaride, alinyoosha sahani. Mkono wake ulikuwa mweusi kwa jua mpaka kifundoni, kisha kiganja cheupe chenye umbo kamili la glavu, na vidole viwili vimefungwa plasta. Akaniuliza, "Mzee, ni kweli nyinyi mnaondoka?" Nikamwambia jiko haliondoki. Akasema sawa, akaomba aongezewe wali. Siku hiyo nilijua barua yangu ilikuwa na mipaka sahihi, na wala sikuhitaji kikao cha kuniambia.

Upande wa pili unasema nisingesusia chochote. Hawa ndio wanaonirushia ile methali, ukisusa wenzio wala. Methali nzuri, ila ni ya mtu aliyekaribishwa chakula. Sisi hatukukaribishwa, sisi ndio tunaopika, na ninayasema haya kama mtu mwenye makovu ya mafuta ya moto mikononi. Mpishi akiuliza nani anashika ufunguo wa stoo, hajasusa chakula.

Wazee wa chama mnakumbuka 2010, vikosi saba vikubwa vilipopeleka pendekezo la kujiongezea sauti na mapato ndani ya DCI. Kwetu viapo vya kususia vilikuwa vingi kuliko tiketi. Msimu ulipoanza niliwaona walioapa wamekaa safu ya kumi, wamevaa fulana mpya. Kususia kwa mdomo hakumtishi mtu, na kila uongozi unalijua hilo.

Mnaikumbuka pia The Cadets, kikosi cha tangu 1934 chenye mataji kumi ya DCI. Mwaka 2018, gazeti la Philadelphia Inquirer lilipochapisha tuhuma za wanawake kadhaa dhidi ya mkurugenzi wake, mkurugenzi akajiuzulu, na haukupita muda bodi nayo ikaondoka. Kikosi kikajitahidi kuendelea, na 2024 kikafungwa kwa mzigo wa fedha na kesi. Sisemi yetu ni kama yale, wala mtu asininukuu hivyo. Ninasema ningependa bodi yetu iulizwe sasa na mashabiki wenye dola 6,000, kuliko iulizwe baadaye na mawakili.

Matokeo ya kura ya Julai kuhusu barua yangu: waliounga mkono 44, waliopinga 39, kura zilizoharibika sita. Jumla watu 89. Katika wale 39, katibu alinionyesha 21 ambao ada zao hazijalipwa na kikatiba hawakuwa na kura. Niliwaacha wapige. Ningewazuia, leo tungekuwa tunazungumzia wizi wa kura badala ya fomu 990.

Na hapo ndipo narudi kwenye ile 23. Siku ya kugombana tulikuwa 89. Siku ya mkutano mkuu, 23. Siku ya kupakia lori la jiko mwezi Juni, tulikuwa saba, na wawili kati yao ni mke wangu na shemeji yangu ambaye hata si mwanachama. Ada ya mwaka ni dola 40. Waliolipa ni 97 kati ya 214. Wapo wanaodaiwa misimu mitatu, na ni hodari kweli wa kuandika ujumbe mrefu kuhusu uwajibikaji na uwazi. Sitawataja majina, ila orodha iko mezani kwa mweka hazina, imechapwa kwa herufi kubwa kwa wasioona vizuri.

Kuhusu siku zijazo, mazungumzo na bodi ya kikosi yanaendelea. Septemba walitutumia fomu 990 moja kati ya tatu, ya mwaka wa zamani kuliko zote. Mtu wa nje wa kupokea malalamiko wanasema "wanalitafakari". Kiti cha wazazi hawajakigusa. Tunatarajia mwakani mambo yatakaa vizuri. Tuna matumaini pia ya kununua jokofu jipya la lori, hali ikiruhusu, na kuongeza wanachama vijana kwa njia zitakazofaa. Zile dola 6,000 zitabaki kwenye akaunti, na safari hii hazitoki wala hazirudi kikosini bila sahihi tatu. Pendekezo hilo nimelileta mwenyewe ili watu walale usingizi.

Uchaguzi utafanyika baada ya taarifa ya mweka hazina. Fomu za kugombea uenyekiti zilitolewa wiki sita zilizopita. Hadi ninaandika haya zimerudishwa mbili. Moja haina sahihi, na nyingine ni yangu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti